Kishikwambi kimejaa? Soma hapa kabla hujafuta kitu

Wiki hii nimeulizwa swali hilihili mara tisa. Mara mbili nimelijibu kwenye Kosta, kati ya Tukuyu na Mbeya, simu sikioni huku abiria wenzangu wakinisikiliza: "Mwalimu, kishikwambi kinasema nafasi imejaa, nifute nini?" Basi naliandika hapa mara moja. Atakayeuliza tena nitamtumia somo hili.

Naeleza zaidi Android, maana ndivyo vifaa vyetu wengi, pamoja na vile vilivyofanya kazi ya Sensa ya Agosti 2022 kabla ya kuletwa mashuleni. Menyu ya kifaa changu ni ya Kiswahili. Yako ikitofautiana maneno, fuata maana.

Hatua ya 1: Jua ni ghala lipi limejaa

Una maghala mawili. La kwanza liko ndani ya kifaa chenyewe. La pili liko mtandaoni, kwenye akaunti yako, ndilo wanaloliita wingu. Kamera ikigoma kupiga au programu mpya ikikataa kuingia, limejaa la ndani. Barua pepe zikiacha kuingia au bakapu (nakala ya akiba) ya WhatsApp ikikwama, angalia la wingu. Google hutoa GB 15 bure, na hizo zinagawanywa kati ya Gmail, Drive (ya kuwekea mafaili) na Picha kwenye Google kwa pamoja. Wengi wanadhani kila moja ina zake. Hazina. Tena zamani picha zilizopunguzwa ukubwa hazikuhesabiwa, lakini zote zilizopandishwa tangu tarehe 1 Juni 2021 zinahesabiwa.

La ndani utaliona kwenye Mipangilio, sehemu ya Hifadhi. La wingu, fungua programu ya Drive, gusa mistari mitatu juu kushoto, utaona umetumia kiasi gani.

Hatua ya 2: Ondoa programu usizotumia. Anza na magemu ya watoto.

Hatua ya 3: Futa kashe ya programu kubwa, yaani mafaili ya muda ambayo programu hujiwekea. Kashe tu. Kitufe cha kufuta data kiko jirani yake, na hicho kinafuta kila kitu cha programu hiyo.

Hatua ya 4: WhatsApp

Ingia Mipangilio ya WhatsApp, Hifadhi na data, kisha Dhibiti hifadhi. Itakuonyesha yenyewe mafaili yanayozidi MB 5 na yale yaliyosambazwa mara nyingi. Grupu la kwaya, la michango ya harusi, la ukoo: video ileile moja utaikuta kwenye yote matatu. Ukimaliza zima upakuaji wa moja kwa moja wa video, la sivyo mwezi ujao tutarudi hapahapa. Kisha fungua programu ya mafaili, nenda kwenye folda ya WhatsApp, utafute folda ndogo za vitu ulivyotuma wewe. Kila ulichotuma kinabakiza nakala yake mle, na watu wengi hawajawahi kuzifungua.

Hatua ya 5: Picha na video. Hapa nenda polepole

Mwaka juzi nilizunguka na baba shambani, yeye na fimbo yake, mimi nikirekodi. Alinionyesha mpaka mti kwa mti: huu alipanda babu, pale palikuwa na jiwe likang'olewa barabara ilipopita, hapa jirani aliazimwa mita kadhaa na hajarudisha. Video nne, karibu dakika arobaini. Zilipanda Google, nikaziona kwa macho yangu kwamba zimehifadhiwa. Kishikwambi kilipojaa nikasema vizuri, nakala iko kwenye wingu, hizi za hapa nizifute. Nikafungua Picha kwenye Google, nikachagua zote, nikafuta. Nafasi haikuongezeka. Nikaona zimeingia kwenye tupio, nikalimwaga tupio.

Zilifutika kote. Ndani ya programu ile, kufuta ni kufuta kwenye kifaa na kwenye wingu kwa pamoja. Ningeacha tupio peke yake ningezirudisha, maana picha iliyokwisha kupandishwa hukaa mle siku 60. Baba sasa hatembei tena mpaka kule chini mtoni.

Kwa hiyo fanya hivi. Fungua Picha kwenye Google, gusa alama ya akaunti yako juu kulia, tafuta mstari wa kuongeza nafasi kwenye kifaa hiki. Huo unaondoa kifaani zile tu ambazo nakala yake ipo mtandaoni, na ya mtandaoni haiguswi. Usitumie alama ya pipa la taka kwa kazi hii.

Kabla ya kuugusa, hakikisha mambo matatu:

– Bakapu imekamilika kweli. Kwa kawaida husubiri Wi-Fi, na wengi wetu tunatumia laini tu, kwa hiyo inaweza kuwa haijapandisha kitu miezi sita.

– Akaunti unayoiona ni yako. Kifaa cha shule kinaweza kuwa na akaunti ya mwalimu aliyehama.

– Folda ya picha za WhatsApp imewashwa kwenye bakapu. Yenyewe haiwaki, inayopandishwa tangu mwanzo ni folda ya kamera.

Kisha fungua akaunti hiyohiyo kwenye simu nyingine, icheze video moja mpaka mwisho. Ikicheza, endelea.

Hatua ya 6: Ghala la wingu

Kwenye Gmail andika larger:10M kwenye sehemu ya kutafuta, zitakuja barua zote zenye viambatisho vizito. Futa usizohitaji, kisha mwaga tupio la Gmail na la Drive. Yote mawili hujimwaga yenyewe baada ya siku 30, na kabla ya hapo yanakula nafasi. Bakapu ya WhatsApp nayo tangu 2024 inahesabiwa ndani ya zile GB 15. Toa video kwenye bakapu hiyo, utaona tofauti kubwa.

MASWALI

Mkazi wa Mwanjelwa: Mkuu nimefuta WhatsApp yote na picha zote ila Gmail bado haipokei barua. Somo lako halifanyi kazi.

Jibu: Hatua ya 1. Ulifuta ghala la ndani, lililojaa ni la wingu. Na hizo "picha zote" ulizifutia wapi? Nenda kwenye tupio sasa hivi kabla hujafanya kingine chochote.

Mkazi wa Mwanjelwa: Zipo kwenye tupio. Nazirudisha. Asante mkuu.

Fundi Mafinga: Maneno mengi. Si ufomati tu, dakika kumi kimekwisha?

Jibu: Kikiwa chako na huna cha kupoteza, fomati. Cha shule kina kazi za wenzako na taarifa za wanafunzi. Mimi sitamwambia mtu afanye hivyo, na nimeeleza kwa nini.

Mwalimu Njombe: Shikamoo mwalimu. Nimefuata hatua ya 5 nimepata GB 7. Swali: picha zilizoondoka kifaani bado naziona kwenye programu. Zinatoka wapi? Na darasani kwangu hakuna mtandao, zitafunguka?

Jibu: Marahaba. Swali zuri sana hili. Unachokiona ni kivuli kidogo tu cha picha, kimebaki ili ujue ipo. Ukiigusa, kifaa kinaivuta picha kamili kutoka mtandaoni, na bila mtandao itabaki na ukungu au isifunguke kabisa. Kwa hiyo picha za kufundishia usiziache huko. Usiku kabla ya kipindi fungua kila moja, chagua kuipakua, irudi kifaani. Mimi za sayansi la tano nimezihamishia folda yake kwenye kadi ya memori, bakapu haizigusi. Na kama zilipandishwa kwa kiwango cha kubana nafasi, jua kwamba picha inayozidi megapikseli 16 inapunguzwa na video inashushwa hadi 1080p. Kwa darasani inatosha kabisa.

Mama wa Makambako: Nimewasha intaneti ya simu ili kishikwambi kipandishe picha, bando la wiki limekwisha usiku mmoja.

Jibu: Pole sana dada. Hili nilipaswa kuliandika juu. Kishikwambi kikishika intaneti ya simu yako, mara nyingi kinaihesabu kuwa ni Wi-Fi, kinapandisha bila kuuliza. Ingia kwenye mipangilio ya mtandao huo, uweke alama kuwa ni wa kulipia kwa kipimo. Vinginevyo pandisha usiku kama una bando la usiku, kidogokidogo.

Kijana Tunduma: Kadi ya GB 512 nimeipata kwa bei ya chakula cha mchana. Ninunue?

Jibu: Hapana. Kadi nyingi za namna hiyo zinadanganya ukubwa. Zinapokea mafaili, kisha ukija kuyafungua hayapo. Kama umeshanunua, ijaze yote kwa video ambazo una nakala yake, halafu fungua ya mwisho uliyoingiza.

Mkazi wa Kihesa: iPad je?

Jibu: Apple hutoa GB 5 bure kwenye wingu lake, iCloud. Picha za iCloud zikiwa zimewashwa, picha ukiifuta kwenye iPad umeifuta na kwenye iPhone yako. Washa ile ya kuboresha hifadhi ya iPad kwenye mipangilio ya Picha, itabakiza ndogo kifaani na kubwa iCloud. Folda ya zilizofutwa karibuni hushika siku 30.

Mtaaluma Iringa: Mimi napiga picha maandalio ya somo kila siku, ndiyo yanayonijazia. Kuna njia?

Jibu: Usipige kwa kamera. Programu ya Drive ina kitufe cha kuskani, weka rangi nyeusi na nyeupe, inatoa PDF moja ya kurasa zote. Ni ndogo mno ukilinganisha na picha, na inasomeka vizuri zaidi ukiichapisha.

Mwalimu Njombe: Mwalimu, samahani kuuliza, lile shamba mlifanyaje?

Jibu: Mdogo wangu alizunguka na kijana wa jirani, wakapiga video upya kwa vipande. Jioni tukamwekea baba kishikwambi magotini, akawa anasimamisha na kusema hapana, rudini, mti si huo. Ilituchukua jioni tatu. Zipo Google, na nakala nyingine iko kwenye flashi ndani ya sanduku la mama.

Mwalimu Njombe: Flashi unaichomeka vipi kwenye kishikwambi?

Jibu: Tafuta yenye mdomo wa USB-C, au kebo fupi ya OTG, ile ya kuunganisha flashi ya kawaida na kifaa. Ikishika itaonekana kwenye programu ya mafaili. Kama flashi imefomatiwa kwa mfumo wa zamani uitwao FAT32 haitapokea faili moja linalozidi GB 4, video ndefu ikate kwanza. Ukimaliza gusa alama ya kuitoa, subiri iseme tayari, ndipo uchomoe.