Kukagua gari la mkononi kabla hujatoa hela

Hatua ya kwanza haihitaji fundi. Mwambie muuzaji unakuja asubuhi na asiliwashe gari. Ukifika, weka kiganja kwenye boneti. Ikiwa ya moto, rudi siku nyingine, maana injini iliyopashwa huficha mengi: kuwaka kwa tabu, kelele za cheni, moshi wa mwanzo.

Ingali baridi, fungua mfuniko wa oili. Ukikuta utando wa rangi ya chai ya maziwa, shuku gasketi ya silinda hedi, yaani maji yanachanganyika na oili. Washa sasa, mwenzako asimame nyuma kwenye ekzosi. Moshi wa bluu, inakula oili. Mweupe mzito usiokata hata injini ikipata joto, maji yanaingia ndani. Mweusi usikutishe sana.

Bodi: chukua sumaku ndogo, izungushie kitambaa, ipitishe milangoni na kwenye madigadi. Isiponata, hapo huenda pana puti, ile ya kuziba mabonde kabla ya rangi. Tazama na vichwa vya boliti za boneti. Rangi ikiwa imechubuka, spana imepita. Kisha vuta mkanda wa kiti mpaka mwisho wake. Matope yaliyokauka kule ndani yanakuambia gari limekunywa mafuriko. Viti huoshwa, mkanda husahaulika.

Kilomita za dashibodi usizitegemee, zinarudishwa nyuma. Tazama pedali ya breki ilivyolika.

Karatasi sasa. Dai kadi halisi ya gari ya TRA (mamlaka ya mapato Tanzania), kopi hapana. Namba ya chesisi ilingane na iliyochongwa kwenye bodi, herufi kwa herufi. Faini za trafiki utaziona kwenye mfumo wa TMS wa polisi kwa namba ya gari.

MASWALI

Mkuu, muuzaji anasema kadi iko benki, nimpe hela akaikomboe?
Usithubutu. Nendeni wote, deni lilipwe pale pale na kadi ikabidhiwe ukiwepo.

Karatasi ya mnada ya Japani imeandikwa R, ni mbaya?
R hawaiweki kwa mkwaruzo wa bampa. Mifupa ya bodi imewahi kutengenezwa au kubadilishwa. Lipandishwe juu, fundi wa bodi akague chini. Bei ya gari safi usilipe.

Dalali ana fundi wake, anatosha?
Huyo ni wa dalali, kaka. Lete wako, umlipe hata usiponunua.

Taa ya injini haiwaki kabisa, si ndiyo vizuri?
Fungua swichi bila kuwasha injini. Taa lazima itokee, kisha izime injini ikiwaka. Isipotokea kabisa, huenda kuna aliyeichomoa; lipeleke likapimwe kwa kompyuta.