Kabla hujapanda kwenye tii: mambo ya kuzingatia kwa anayekuja kucheza gofu Mufindi

Umealikwa kucheza gofu Mufindi, umeazima mfuko wa fimbo na umefanya mazoezi wiki mbili. Vizuri. Sasa nisikilize kabla hujaondoka nyumbani, maana siku nyingi za watu huharibikia palepale kwenye tii, yaani pale unapopigia mkwaju wa kwanza wa kila shimo.

Beba nguo nzito. Asubuhi za Juni na Julai kule juu kwenye chai baridi inang'ata, na vidole vilivyokufa ganzi havishiki fimbo. Hesabu fimbo zako usiku. Mwisho ni 14, na ile ya 15 uliyoisahau ndani ya mfuko wa kuazima katika mashindano ya kuhesabu mikwaju inakugharimu mikwaju 2 kwa kila shimo ulilocheza nayo, hadi ifike 4. Mipira yako itie alama kwa kalamu ya wino usiofutika, kwa sababu watu watatu kati ya wanne mnaweza kuwa mmenunua aina moja. Simu zima.

Muda uheshimu. Ukiandikiwa saa 2:10 asubuhi, ina maana saa 2:10 uwe umesimama kwenye tii na fimbo mkononi. Si muda wa kuanza kufunga kamba za viatu. Katika kuhesabu mikwaju, ukichelewa ndani ya dakika 5 unaadhibiwa mikwaju 2 kwenye shimo la kwanza. Zikizidi hapo, umeondolewa mashindanoni. Kanuni hiyo haijui habari za malori ya Tunduma, kwa hiyo wewe unayetoka Mbeya usijidanganye kwamba utaondoka alfajiri na kupita Makambako barabara ikiwa nyeupe. Njoo jana yake, ulale Mafinga.

Sasa tuje kwenye zamu, na hapa tafadhali usisome harakaharaka.

Kwenye tii ya kwanza anaanza aliyetangulia kwenye orodha ya waandaaji. Kama hakuna orodha, rusheni sarafu. Kuanzia shimo la pili haki ya kuanza ni ya aliyefanya vizuri zaidi shimo lililopita. Katika mechi ya shimo kwa shimo ni yule aliyelishinda, na mkitoka sare, aliyekuwa na haki hiyo anabaki nayo. Katika mashindano ya kuhesabu mikwaju ni yule mwenye mikwaju michache, na inayohesabiwa hapa ni mikwaju aliyoipiga kweli, kabla hendikepu, yaani idadi ya mikwaju anayopunguziwa mchezaji kulingana na kiwango chake, haijapunguzwa. Wageni wengi wanakosea hapo. Mtu ana hendikepu 24, anafanya hesabu zake kimoyomoyo, anajiona mshindi na kutangulia mbele ya aliyepiga 4 wakati yeye kapiga 5. Mkilingana mikwaju, fuateni mpangilio wa tii iliyopita. Mkishatoka kwenye tii, anapiga kwanza aliye mbali zaidi na shimo, na hilo limekuwamo tangu kanuni 13 zilizoandikwa kule Uskoti mwaka 1744.

Utasikia watu wakisema siku hizi zamu haina maana, aliye tayari apige. Ni kweli kwamba tangu mwaka 2019 kanuni zinawahimiza wanaohesabu mikwaju kucheza hivyo ili kuokoa muda, na kupiga nje ya zamu hakuna adhabu mradi hamkupanga kumpendelea mmoja wenu. Hata kwenye mechi ya shimo kwa shimo mnaweza kukubaliana nani atangulie. Bila makubaliano, mpinzani wako ana haki ya kuufuta mkwaju wako na kukurudisha kwenye tii. Lakini shika hili: aliye tayari ni yule ambaye wenzake wanajua kwamba yuko tayari. Ukijua wewe peke yako, bado hujawa tayari.

Nalisema kwa uchungu, kwa sababu mimi nilikuwa tayari peke yangu.

Ilikuwa mechi, mimi na mzee mmoja ninayemheshimu sana, shimo la sita. La tano alilishinda yeye, kwa hiyo zamu ilikuwa yake. Ukungu ulikuwa unashuka na kuinuka. Mbele njia ya nyasi inakunja kushoto nyuma ya majani ya chai, na kedi wa mzee, kijana anayembebea mfuko wa fimbo, alikuwa ametangulia hadi pale kwenye kona ili aone mipira inaangukia wapi. Tulikubaliana kwamba akishajitenga pembeni, chini ya mti, atainua kofia. Mzee akaweka mpira wake, akautazama, kisha akabadili mawazo. Akarudi kwenye mfuko kutafuta fimbo nyingine.

Mikono yangu ilikuwa imeganda. Nikaona ukungu umefunguka, njia nyeupe mbele yangu, nikasema moyoni ukijifunga tena tutasimama hapa robo saa. Nikachomeka kijiti changu cha kuwekea mpira pembeni ya mpira wa mzee, nikapiga. Mpira ulitoka vizuri kuliko yote niliyopiga mwaka ule. Hakuna aliyepiga kelele ya kuonya, kwa sababu hakuna aliyejua kwamba napiga. Mzee kichwa kiko kwenye mfuko, kedi wangu anafuta mpira kwa kitambaa. Tukasikia mlio mmoja mzito, kama mtu anapiga gunia la mahindi kwa kiganja. Baadaye ndipo ikaja sauti ya yule kijana.

Tulimkuta amekaa kwenye nyasi, mkono wa kulia ameushikilia kwa wa kushoto, midomo imekuwa ya kijivu. Mtulinga umevunjika. Mpira ungepita juu kidogo tu, nisingekuwa naandika haya. Nilipomuuliza, kwa ujinga wangu, kwa nini alikuwa katikati ya njia wakati hajainua kofia, alinijibu kwa adabu ileile ya siku zote: "Nilimwona mzee amerudi kwenye mfuko, bosi. Nikajua hakuna anayepiga. Ndiyo nikawa navuka."

Yeye alikuwa anamtazama mwenye zamu, na kwa kumtazama huyo alijua kwamba njia ni salama. Mimi ndiye niliyeufanya ujuzi wake usimsaidie.

Mzee hakusema kitu. Aliokota mpira wake, akautia mfukoni, tukambeba kijana hadi kwenye gari. Wiki sita mkono ulining'inia shingoni. Kedi analipwa kwa kubeba mfuko; asipobeba, hana cha kupeleka nyumbani. Nilibeba gharama za matibabu, nikalipa na raundi zote ambazo angebeba, na bado nilipokwenda kwao kumwona miguu ilikuwa mizito. Nikabisha hodi, nikamwambia mama yake, "Kamwene, mama." Akaitikia, akanipa kigoda karibu na moto. Kijana alikuwa ameshamweleza kila kitu, hata kanuni. Mama akaniuliza jambo moja tu: "Zamu ilikuwa ya nani?"

Nikamwambia haikuwa yangu. Akasogeza sufuria, akachochea kuni, hakuuliza tena.

Tangu siku ile sipigi kabla sijasema kwa sauti, "Napiga mimi," na kusikia wote wakiitikia, makedi pia. Nawahesabu watu kwa macho mmoja mmoja. Kama kuna mmoja simwoni, nasubiri, hata walio nyuma yetu wakinuna. Wewe fanya hivyohivyo. Zamu isipokuwa yako, simama pembeni mnakoonana na anayepiga. Usisimame mgongoni kwake wala kwenye mstari wa mpira, na kamwe usivuke alama za tii kwenda mbele. Kivuli chako kisilale juu ya mpira wake. Ukijaribia mkwaju, zungushia fimbo mbali na watu, na ujue nani yuko nyuma yako kabla hujaiinua.

Mengine ni mafupi. Mpira uwekwe kati ya alama mbili au nyuma yake, kwa kina kisichozidi urefu wa fimbo mbili. Ukiweka nje ya hapo katika kuhesabu mikwaju ni adhabu ya mikwaju 2, na lazima urudie kutoka mahali sahihi. Mpira ukidondoka kwenye kijiti kabla hujakusudia kuupiga, urudishe tu, hakuna adhabu. Ukihisi wako umezama kwenye chai, usichomeke mwingine papo hapo. Waache wenzako wapige kwanza, halafu tamka kwamba unapiga mpira wa akiba. Usipotamka, huo ndio unaokuwa mpira wako, pamoja na adhabu. Kuutafuta wa kwanza una dakika 3. Mpira ukielekea kwa watu, piga kelele "Foo!" mara moja, kwa sauti ya shambani, usione aibu.

Ukija Januari au Februari, radi. Ukisikia ngurumo ondoka uwanjani, usijikinge chini ya mti mmoja, wala usishindane na mtu anayesema bado iko mbali. Waandaaji wakisimamisha mchezo kwa sababu ya radi, acha kucheza hapohapo hata kama umebakiza mkwaju mmoja. Nyasi zenye umande zinateleza, hasa kwenye miteremko, viatu vya mpira laini viache nyumbani. Chai ya moto kwenye chupa. Hela ya kedi iwe tayari, noti ndogondogo, umpe mkononi kabla hujaingia kula. Na ukirudi jioni, ukungu ukiwa umeshuka hadi barabarani kabla ya Mafinga, washa taa, punguza mwendo, angalia waenda kwa miguu wanaotoka mashambani.