Ziba matundu kwanza, rangi ya kuzuia moto baadaye

Ukuta wa tofali huhimili moto kwa muda mrefu, lakini tundu la kupitishia waya likiachwa wazi, moshi unaingia chumba cha pili kwa dakika chache tu. Kagua hasa juu ya dari. Huko mafundi huacha matundu wakijua hakuna atakayechungulia. Ziba kwa saruji na mchanga, au plasta ya jipsamu. Jipsamu imebeba maji, karibu moja ya tano ya uzito wake, na yakigeuka mvuke hufyonza joto. Lile povu la kawaida la kuzibia usilitumie, linawaka! Bomba la plastiki nalo huyeyuka na kuacha tundu upya, kwa hiyo livalishe kola maalumu, yaani pete inayovimba ikipata joto na kuziba tundu hilo.