Kifunge kwanza uani
Ukitaka kusimamisha kituo cha hali ya hewa juu ya Kilimanjaro, kifunge kwanza uani kwako Moshi. Chote: mlingoti, paneli ya sola, betri, kinasa data, kila kipimajoto na waya wake. Kiache kifanye kazi wiki nzima, ndipo ukifumue na kukipakia. Kileleni, mita 5,895, shinikizo la hewa ni kama nusu ya lile la pwani: kichwa kinagonga, vidole vina ganzi, na skrubu ikidondokea kwenye majivu ya volkano ndiyo basi tena. Kwa hiyo paka rangi moja ncha ya waya na tundu lake, uunganishe kwa macho tu, bila kufikiri. Spana ifunge kamba kwenye kifundo cha mkono.

Betri ya asidi hupoteza sehemu kubwa ya nguvu kwenye baridi kali, basi beba kubwa kuliko hesabu ya uani. Data ihifadhi kwenye kadi ya kumbukumbu. Diski ngumu ya kuzunguka usiitumie: ina kichwa cha kusomea data kinachoelea juu ya hewa. Hewa ikiwa nyepesi, kinagusa diski na kuikwaruza. Nyingi hazikuundwa kwa zaidi ya mita 3,000 hivi.

Mizigo igawe ukiwa bado chini. Mpagazi habebi zaidi ya kilo 20, na betri moja yaweza kumaliza kiwango hicho.

Ah, na usiache waya unaning'inia. Kunguru wa kambini ni wadadisi kuliko wanafunzi.