Kushika mwendo: kazi ya mpiga dramu kwenye bendi ya harusi

Bendi zetu za Malindi hupiga kila kitu usiku mmoja: rumba watu wakiwa bado wanakula, muziki wa bango kwa wazee, chakacha akina mama wakishasimama. Mabadiliko yote hayo yako mikononi na miguuni mwa mpiga dramu. Wenzake wakiwa na uhakika na mwendo, mpiga gitaa atathubutu na mwimbaji ataimba kwa nafasi. Ukitaka kuingia kwenye kazi hii, anza hivi.

1. Mwendo kwanza, mbwembwe baadaye

Pakua metronomu, programu inayogonga mapigo sawasawa, kwenye simu. Iweke mapigo 80 kwa dakika, upige mtindo mmoja tu kwa dakika kumi bila kupamba. Kisha ipunguze hadi 40, wewe ubaki pale pale kwenye 80. Sasa kila pigo la pili ni jukumu lako peke yako, na hapo utajua kama unakimbia au unaburuta. Wengi hukimbia wanaporudi kutoka kwenye mapambo ya ngoma ndogo. Usipambe jukwaani kitu ambacho hujakipiga nyumbani na metronomu.

2. Keti upande wa mpiga besi

Mguu wako na vidole vyake vitoke pamoja. Kwenye mazoezi, waombeni wengine wanyamaze, mpige wawili tu wimbo mzima. Ukisikia sauti mbili pale panapotakiwa moja, rudieni.

3. Chakacha

Chakacha imetoka kwenye ngoma za wanawake harusini, kwa hiyo sikiliza kwanza ngoma zenyewe, vumi na chapuo, kabla hujashika vijiti. Vumi inakaa chini, chapuo inazungumza juu yake. Kwenye dramu, ngoma ya mguu ichukue nafasi ya vumi.

Hesabu sita kwa kila mzunguko. Mguu upige moja na nne. Mkono wa kulia, kwenye haihati (yale matoazi mawili yanayofungwa kwa mguu), upige moja, tatu na tano. Polepole sana mwanzoni! Mguu unapiga mara mbili, mkono mara tatu, na vyote vinakutana kwenye moja. Mvutano huo ndio unaoamsha viuno. Mkono wa kushoto uuache kwanza. Ukishatulia, uingize snea, ile ngoma fupi yenye nyaya chini, kwa kugusagusa tu, ukijibu kama chapuo.

4. Mtazame mwimbaji watu wanapotuza

Hili ndilo linalotenganisha mpiga dramu wa harusi na wa studio. Mwimbaji akifika kwenye ubeti unaowagusa, akina mama watainuka na noti, mmoja mmoja, wakicheza hadi mbele. Wimbo wa dakika tano unaweza kufika kumi na tano. Usiufunge, na usiongeze sauti kwa furaha. Shuka: hamisha mkono kutoka kwenye toazi hadi haihati iliyofungwa, snea uipige pembeni kwenye ukingo wa chuma, ili jina la anayetuza lisikike likitajwa. Zungusheni kiitikio. Jicho lako lisitoke kwenye mkono wa mwimbaji, maana yeye ndiye anayeona foleni imebaki na watu wangapi. Akiinua mkono, piga pambo fupi la kupandia, na bendi nzima ipande nawe.

Mama aliyejipanga na noti yake akakatiwa wimbo huondoka amevunjika moyo, na shughuli ile ni yake.

5. Kuanza na kumaliza

Kabla ya kugonga vijiti mara nne, imba kiitikio kimoyomoyo. Mwendo sahihi utaupata humo. Mwisho wa wimbo kubalianeni mazoezini: pambo gani, pigo la mwisho liko wapi.

6. Vyombo na chumvi

Ukumbi wa ndani ukirudisha sauti, tupia kitambaa chepesi juu ya snea. Ufukweni upepo huyumbisha stendi za matoazi, kwa hiyo weka mfuko wa mchanga kwenye miguu yake. Mkialikwa Lamu, kumbuka kwamba kutoka Mokowe, gati la upande wa bara, vyombo vinapanda boti, na mjini vinabebwa kwa mkokoteni au punda. Funga kila ngoma kwenye mfuko wake, skrubu ndogo zikae kwenye kopo moja lenye kifuniko. Ukirudi nyumbani, usilale kabla hujafuta chumvi ya bahari kwenye vyuma vyote kwa kitambaa kikavu, ukatia tone la mafuta ya cherehani kwenye skrubu na kwenye mnyororo wa pedali.