Mtoto akipandwa na hasira, mpe "uji" apulize

Kumwambia mtoto wa miaka minne "vuta pumzi" mara nyingi hakusaidii: atavuta kwa nguvu, atapandisha mabega, kisha ataendelea kulia. Mwambie apulize uji. Akunje viganja kama ameshika kikombe, aunuse uji kwa pua taratibu, halafu aupulize upoe, polepole, usije ukamwagika. Mara tano au sita zinatosha. Fanya naye, ukiwa umechuchumaa usawa wa macho yake. Ukimsimamia na kuamuru, umeshaharibu.

Siri iko kwenye kutoa pumzi, si kuvuta. Pumzi ikitolewa kwa muda mrefu, mapigo ya moyo hupungua kasi na mwili huanza kutulia. Hilo la "usije ukamwagika" ndilo linalomfanya apulize taratibu bila kuhesabiwa moja, mbili, tatu, jambo ambalo wadogo wengi hawaliwezi wakiwa na machozi.

Inagoma wapi? Kilio kikishapamba moto hasikii neno. Mkumbatie au kaa karibu kwanza, uji baadaye. Mwenye njaa apewe chakula, mwenye usingizi alazwe. Akipuliza harakaharaka mpaka aone kizunguzungu, mwache apumzike. Na aliyebanwa na pumu anahitaji dawa yake na hospitali, si mchezo huu.

Mfundishe siku akiwa na furaha zake, ikiwezekana asubuhi mezani, na uji wenyewe wa moto mbele yake.