Jinsi ya kuupeleka utafiti wako wa baiolojia darasani na kwa watu wa kawaida

Hii ni kwa wewe ambaye umeshachapisha au unakaribia, na sasa watu wanakuambia "tuelezee na sisi". Msimamo wangu tangu mwanzo: usiwape jibu, wape data kidogo na swali, jibu walifikie wenyewe.

Hatua ya 1. Ongea na mwalimu kabla hujafungua slaidi. Muulize yuko mada gani, kipindi kina muda gani, na wanafunzi wake huwa wanakwama wapi. Hilo la mwisho usiliruke, maana kuna vitu vinawachanganya wanafunzi ambavyo wewe ulishasahau kama vinachanganya.

Hatua ya 2. Chagua grafu moja. Najua unazo sita na zote zimekutoa jasho. Moja tu.

Hatua ya 3. Waache watabiri. Hapa ndo penye kazi. Chukua mfano wa wanabiolojia Peter na Rosemary Grant, walioanza mwaka 1973 kufuatilia ndege wadogo wanaokula mbegu kwenye kisiwa cha Daphne Major, katika visiwa vya Galápagos kwenye Bahari ya Pasifiki. Mwaka 1977 ukame ukapiga, mbegu ndogo zikaliwa mpaka zikawa adimu, zikabaki zile kubwa ngumu, ndege wengi wakafa. Ishia hapo! Wape grafu ya unene wa midomo kabla ya ukame, waambie wachore kwa penseli wanavyodhani grafu ya walionusurika itakaaje, halafu waache wabishane na wewe unyamaze hata kama ulimi unakuwasha. Wakimaliza ndo unafunua ya pili: nguzo za grafu zimesogea kulia, upande wa midomo minene, wastani wa unene umepanda kama nusu milimita hivi.

Atatokea mmoja, hakosekani, aseme "kumbe midomo ilikua ili waweze kula mbegu ngumu". Usimkatishe. Muulize, je ndege yule yule akipimwa kabla na baada, mdomo wake umenenepa? Hapana, ndege walivishwa pete miguuni kwa hiyo kila mmoja alijulikana, ila wenye midomo myembamba walikufa zaidi, waliobaki wakazaa watoto waliorithi midomo minene. Ukilianza somo kwa kusema "ndege walibadilika kuendana na mazingira" umeshampotosha kabla hajafikiri.

Hatua ya 4. Kwa watu wa kawaida, angalia namba zako. "Hatari imeongezeka mara mbili" inatisha, lakini kama ilikuwa mtu 1 kati ya 1,000 na sasa ni 2 kati ya 1,000, basi sema hivyo hivyo. Kama ulifanya kwa panya, neno panya liwe kwenye sentensi ya kwanza, sio mwisho kabisa ambapo hakuna anayefika. Na kama ni chapisho la awali ambalo wataalamu wengine hawajalipitia, liseme hilo waziwazi.

Hatua ya 5. Kagua kabla hujasambaza. Picha na grafu zilizoko kwenye jarida pengine haki zake sio zako tena, soma mkataba, na ukiwa na wasiwasi chora grafu upya kutoka kwenye data yako. Kazi yako mwenyewe iwekee leseni huria ya Creative Commons, ile ya CC BY (mtu anaitumia mradi akutaje) inatosha, ili mwalimu anakili na kubadilisha bila kukuomba. Kama unashughulika na viumbe walio hatarini kutoweka, futa namba za GPS zinazoonyesha mahali walipo, hata zile zinazojificha ndani ya faili la picha, majangili nao wanasoma.

Hatua ya 6. Mwachie mwalimu afundishe bila wewe. Mpe faili linaloharirika, sio PDF, na ukurasa mmoja wa maswali ambayo wanafunzi huwa wanauliza pamoja na majibu yake. Jaribu kuichapa grafu kwa wino mweusi kwanza, kwa sababu ile nyekundu na kijani yako ikitoka kwenye printa mara nyingi inakuwa kijivu kimoja, hivyo tumia mistari na vidoti kutofautisha.